Upepo wa baiskeli: ujaze kiasi gani, na kwa pampu ipi?

Fundi, kila ninayemuuliza ananiambia "jaza mpaka liwe gumu". Gumu kiasi gani? Nina baiskeli ya 28, nabeba mkaa. (Msomaji, Morogoro)

Usipime kwa kidole gumba. Tairi la baiskeli ya mzigo ni nene, hata likiwa na upepo nusu ukilibonyeza litakuambia limejaa. Soma ubavuni mwa tairi: futa tope kwa kitambaa utaona maandishi madogo yaliyoinuka kwenye mpira wenyewe. Yapo ya ukubwa, mfano 28 x 1½, na kando yake kiwango cha upepo kwa PSI, bar au kPa. Bar 1 ni kPa 100, au PSI 14.5 hivi.

Palipoandikwa MAX, huo ni mpaka wa kutovuka. Anayeendesha peke yake hana haja ya kuufikia. Wewe wa mkaa, tairi la nyuma lisogeze karibu na mpaka huo, la mbele liwe pungufu, maana gunia lote limekalia keria. Kisha panda na mzigo wako, mwenzako achuchumae nyuma atazame: tairi likitanuka sana pale linapogusa ardhi, ongeza.

Tyubu yangu inatoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba, na mwiba sioni. (Msomaji, Dodoma)

Upepo ni mdogo. Ukigonga jiwe, tairi linabonyea mpaka rimu inaibana tyubu pande zote mbili. Ziba matundu yote mawili, halafu ongeza upepo, la sivyo utarudi kwa fundi wiki hiyohiyo.

Huku kwetu ni mchanga mtupu. (Msomaji, Bagamoyo)

Punguza kidogo ili tairi lisambae juu ya mchanga. Ukishika lami, jaza tena.

Kila asubuhi tairi limelegea, fundi kaweka tyubu kwenye maji hakuona pancha. (Msomaji, Kahama)

Baiskeli zetu nyingi za mizigo zina valvu yenye kimpira chembamba kilichovikwa kwenye kijiti chake. Kimpira hicho kikizeeka kinapasuka, upepo unatokea hapo. Weka mate juu ya valvu: yakitoa povu, mwizi umempata. Toa upepo, fungua nati, chomoa kijiti, vika kimpira kipya. Ni bei ya chini kabisa dukani, na kila mwenye baiskeli angekuwa nacho mfukoni tungeokoa tyubu nyingi zinazotupwa zikiwa nzima.

Naweza kujazia kituo cha mafuta? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kama valvu yako ni ya aina ya gari, ndiyo, ila kwa hadhari. Tyubu ya baiskeli ni ndogo, mashine ile huijaza kwa sekunde chache na kuipasua. Bonyeza kidogo, achia, pima. Na kwanza hakikisha ukingo wa tairi umekaa sawa ndani ya rimu kuzunguka pande zote.

Ninunue pampu gani? (Msomaji, Kisumu)

Ya kusimama, yenye kitako cha chuma unachokikanyaga kwa miguu na geji ya kusomea. Angalia unene wa bomba: nene husukuma upepo mwingi kwa pigo moja, linafaa matairi mapana. Jembamba husukuma kidogo, lakini ndilo linalokufikisha upepo wa juu bila kuning'inia kwenye mpini, kwa hiyo ni la matairi membamba ya mashindano. Kabla ya kulipa, jaribu kichwa cha pampu kwenye valvu yako mwenyewe. Valvu ya kimpira na ile nyembamba ya baiskeli za mashindano kwa kawaida hukubali kichwa kimoja, ya aina ya gari inataka kingine. Ukiwa na valvu ya kimpira, geji itasoma juu kidogo ya ukweli, kwa sababu upepo lazima kwanza ukiinue kimpira.

Pampu yangu ya zamani haisukumi tena. (Msomaji, Tabora)

Usiitupe. Fungua kifuniko cha juu, vuta mpini utoke na fimbo yake. Mwishoni utaona ngozi yenye umbo la kikombe, mdomo wake ukitazama upande upepo unakosukumwa kwenda. Ikiwa imekauka na kusinyaa, itie matone ya mafuta ya cherehani, iache inywe, utanue mdomo wake kwa vidole, urudishe. Ikiwa imechanika, fundi viatu anaweza kukukatia nyingine.