Ajali ikishaisha, nani anamwangalia mwokoaji?

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye ambulensi, kule nyuma ambako muuguzi anakaa na majeruhi. Barabara yetu ni hii ya Morogoro kuelekea Iringa, yenye malori usiku kucha na kile kipande cha Mikumi ambako wanyama wanavuka bila kuangalia saa. Mimi si daktari wa akili. Ninayoyaandika nimeyaokota kazini, mengine kwenye mafunzo, na ninawaandikia wenzangu: wauguzi wa zamu, askari wa Zimamoto na Uokoaji, trafiki, madereva, na vijana wa bodaboda ambao mara nyingi wanafika eneo la tukio kabla yetu sote.

Kwanza, usijipachike ugonjwa mapema. Ukikosa usingizi siku kadhaa, ukishtuka mlango ukibamizwa, au nyama choma ikakushinda baada ya ajali ya moto, hayo yanawapata wengi na kwa wengi hupungua yenyewe. Wataalamu huanza kuzungumzia ugonjwa wa kiwewe pale hali inapodumu zaidi ya mwezi na kuvuruga kazi au nyumba. Tukio linakurudia kana kwamba linatokea sasa hivi, ndotoni au mchana kweupe. Unakwepa njia, watu, hata harufu. Unakaa macho juu juu kama mlinzi wa getini. Halafu kuna ganzi, mtu hacheki wala halii, na hii ndiyo inayotupotosha zaidi, maana kazini tunaisifia tukidhani ni uhodari.

Niliwahi kuwa na dereva, mtu mzima, mchangamfu. Tukishashusha majeruhi, sisi wauguzi tunaingia ndani kuandika ripoti, yeye anabaki uani na ndoo, brashi na Jik, anasugua sakafu ya gari mpaka maji yatoke meupe. Usiku hakuna mfanya usafi. Baada ya ajali moja iliyokuwa na watoto, mke wake alinifuata sokoni akiwa amekasirika: mumewe analala sebuleni, na siku yeye mke akipiga deki, mume anatoka nje asirudi mpaka sakafu ikauke. Mama wa watu alikuwa ameshaamini kuna mwanamke mwingine. Nikamuuliza anapigia deki kwa dawa gani. Jik.

Huyu dereva hakuna aliyewahi kumuuliza chochote, kwa kuwa kwenye orodha ya watu wa kuonewa huruma dereva hayumo. Nilianza kwa kusugua naye. Sikumuuliza habari za ajali. Tulizungumzia Simba na Yanga na ada za shule. Kwenda kitengo cha afya ya akili alikataa kabisa mwanzoni, akisema wakimwona pale watamwita chizi na leseni itaondoka. Alipokubali, tulikwenda siku yake ya mapumziko, asubuhi kabla foleni haijaanza. Hakupewa dawa. Alikutana na mnasihi wiki baada ya wiki, akalipitia tukio kidogo kidogo kwa kasi yake mwenyewe, na baadaye akazoezwa kukaa karibu na ile harufu bila kukimbia. Ilichukua miezi. Bado anaendesha.

Nasisitiza hilo la kasi yake mwenyewe. Kukitokea msiba mkubwa, kama ule wa Msamvu, hapa Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na watu zaidi ya 100 wakafa kwa moto, viongozi hupata hamu ya kukusanya waokoaji ukumbini ili kila mmoja asimulie alichokiona. Nia ni njema. Lakini Shirika la Afya Duniani halishauri kikao cha namna hiyo kama kinga ya kiwewe. Linachopendekeza ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na hiyo mtu yeyote anaweza kufundishwa: kuangalia nani ameelemewa, kumsikiliza akitaka kusema, kumuunganisha na msaada anaohitaji. Kwa lugha ya kwetu: mpe maji ya kuoga, mpe chai na kitu cha kula, mwache apige simu nyumbani, na asiondoke peke yake.

Ukiwa mkuu wa zamu, zungusha kazi ya kupakia maiti. Asiwe mtu yuleyule kila mara eti kwa kuwa ana moyo mgumu. Mgeni kazini asifunuliwe sura za marehemu kama hakuna sababu. Na zile video za ajali zinazozagaa kwenye magrupu ya WhatsApp, usifungue, hata kama unataka kujiona. Tukio uliloliona mara moja, kwa nini uliongezee marudio?

Kuhusu usingizi: usinunue diazepamu duka la dawa kwa ushauri wa rafiki. Unapata usingizi, kweli, lakini dawa hizo hazitibu kiwewe na kuziacha baadaye ni shughuli. Pombe vivyo hivyo, na wengi wetu tumeianzia hapo. Kwenda kwa padri au shehe ni vizuri, nenda, na hospitali nenda pia. Hakuna ushindani.

Pa kuanzia ni hospitali ya rufaa ya mkoa: ulizia kitengo cha afya ya akili, au mwone afisa ustawi wa jamii akuelekeze. Kesi nzito zaidi hupelekwa Muhimbili, Dar es Salaam, au hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, Dodoma. Mwenzako akianza kusema ni bora asingekuwepo, muulize wazi kama anafikiria kujiua; kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake, na mpelekeni idara ya dharura usiku huohuo.

Na yule kijana wa bodaboda aliyeshika kichwa cha majeruhi mpaka mkafika, chukua namba yake kabla hamjafunga mlango wa gari. Baada ya siku chache mpigie umuulize analalaje. Yeye hana mkuu wa zamu, hana ripoti ya kujaza, na kesho asubuhi atapita tena palepale na abiria mgongoni.