Nguo za watoto kwenye seng'enge

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni kitabu gani kilimshinda msomaji akakiweka chini. Changu ni Se questo è un uomo (yaani, Kama Huyu ni Mtu) cha Primo Levi, mkemia wa Turin, Italia, Myahudi, aliyekamatwa Desemba 1943 akiwa na miaka 24 na kupelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi wa Ujerumani huko Poland. Nilikisoma kwa Kiingereza, tena cha kuazima.

Nilijiandaa kwa moshi na maiti. Wayahudi milioni sita waliouawa na Wanazi tuliwasoma shuleni, mstari mmoja ubaoni chini ya Vita Kuu ya Pili, nao mtihani ulipopita tukausahau. Kilichonishika kiko mwanzoni kabisa, kabla hata treni haijaondoka. Ni kambi ya Fossoli, Italia, Februari 1944. Watu wameambiwa kesho wanasafirishwa, na wanajua maana yake. Usiku huo wapo wanaosali, wapo wanaolewa. Kina mama wanapika chakula cha njiani, wanaogesha watoto, wanafunga mizigo. Kulipokucha, seng'enge ya kambi imejaa nguo za watoto zilizoanikwa.

Halafu Levi anamuuliza msomaji: wewe usingefanya vivyo hivyo?

Nilikifunga. Mwanangu wa mwisho alikuwa bado wa nepi, na nje kwangu kamba ilikuwa imejaa. Nikakaa wiki mbili sikigusi.

Niliporudi, nilikutana na jambo ambalo sijui kama mtanielewa: nilicheka. Levi anaeleza foleni ya supu, jinsi mfungwa mzoefu anavyopiga hesabu upawa umfikie pipa likikaribia kwisha, maana viazi vimelala chini na juu ni maji. Aliyesoma bweni anaijua hesabu hiyo. Sisi yetu ilikuwa ya maharage, na mimi nilikuwa bingwa. Kicheko kikanikauka mdomoni. Foleni yetu ilikuwa na likizo ya Juni. Katika behewa lake walipanda watu 45, waliorudi kuona nyumba zao ni wanne.

Jamaa aliyeniazima kitabu anasema kinampa matumaini, kwa ajili ya Lorenzo, fundi mwashi wa Kiitaliano aliyempa Levi kipande cha mkate na masazo ya chakula chake kila siku kwa miezi sita, pamoja na fulana yenye viraka. Sikumbishia, Lorenzo nami nilimpenda. Ila matumaini, hapana. Nilimaliza kitabu nikiwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, kwa sababu mwandishi mwenyewe hapigi kelele. Anaeleza viatu vinavyotia vidonda, kijiko kinachonunuliwa kwa mkate, namba 174517 aliyochanjwa mkononi, kwa sauti ileile ya mtu anayeandika ripoti ya maabara. Angelia, ningelia naye, tukamalizana.

Mume wangu aliniuliza kwa nini usiku ule wa kwanza nilitoka saa tano nikaanua nguo za watoto na kuziingiza ndani zikiwa bado mbichi. Nilimwambia naona mawingu ya mvua.