Baiskeli kati ya Lindi na Mtwara: anzieni Mtwara

Ndugu yangu, umeuliza kama mwezi wa nane wewe na mkeo mnaweza kutoka Lindi hadi Mtwara kwa baiskeli, muone bahari na mabonde. Mnaweza, ila geuzeni safari. Agosti ni msimu wa kusi. Upepo unatoka kusini-mashariki, na mkianzia Lindi utawapiga usoni karibu njia nzima. Mkianzia Mtwara unawasukuma mgongoni.

Ni kilomita 100 na ushee, lami. Siku ya kwanza msiende mbali: laleni Mikindani, kama kilomita 10 tu, mtembee kwenye ule mji mkongwe jioni, maji yakijaa ghubani. Tafadhali msipapite mbio, ni pazuri mno. Kesho yake tokeni alfajiri, maana katikati ni vilima na mikorosho, bahari hamtaiona. Kuleni Mnazi Mmoja, penye njia panda ya Masasi. Kutoka hapo ni bonde la Lukuledi, kijani kitupu na minazi, mpaka mnatokea kwenye ghuba ya Lindi.

Bebeni tyubu mbili, viraka na pampu. Na mkisikia honi ya lori nyuma, shukeni pembeni.