Jibu: Marangu siku 5 kwa ajili ya tarehe 9 Desemba? USITUME HIYO ADVANSI

Hapana mkuu. Nimesoma swali lako lote la kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, la viatu, la kukodi slipingi begi, la tipu, la kama mtandao unashika kule juu, nikafika pale unaposema "tumepata kampuni bei poa, Marangu siku 5, tuwe kileleni na wenzangu wa kazini tarehe 9 Desemba" chai ikanishinda. Siku 5 achana nayo.

Ngoja nikisie alichokuambia huyo aliyekuuzia. Kwamba bado kijana, una mazoezi, siku ya sita ni ya wazungu wazee. Eeh? Na mimi niliimbiwa hivyohivyo na jamaa mmoja, simtaji, anajijua, alikuwa amekaa ofisini kwake Dar kavaa kapelo yenye picha ya Kilimanjaro, na nadhani hiyo kapelo ndo kitu chake pekee kilichowahi kufika Moshi. Nikamuuliza, sasa mwili utazoea mwinuko saa ngapi? Akanijibu bila hata aibu: "Mbona mnalala Horombo mara mbili," yaani yale mabanda ya katikati ya njia. Nikaona jamaa anaijua kazi yake, nikalipa.

Mkuu hapo ndo pa kufungua macho, maana na wewe kwenye ratiba uliyoweka kwenye swali lako naiona Horombo mara mbili. Ya kwanza mnapanda, ya pili MNARUDI. Mmeshatoka kileleni, au mmeshashindwa, mnarudi kulala, huo unazoea nini tena? Unazoea kwenda nyumbani? Ratiba ya siku 6 ina Horombo mara TATU. Hesabu kwenye karatasi kabla hujagusa simu ya kutuma hela, zikiwa mbili umeuziwa siku 5 hata wakiipamba jina gani.

Sasa piga hesabu ya mita. Geti la Marangu liko kwenye 1,870 hivi. Usiku wa kwanza Mandara, 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, 4,720. Karibu mita elfu moja kila usiku! Madaktari wa mambo ya mwinuko wanashauri ukishapita 3,000 usipandishe kitanda zaidi ya mita 500 kwa usiku, nyie mnapandisha mara mbili yake, na pale Kibo kwenyewe ni kulala kwa jina, unafika mchana, unalazimishwa kula jioni, usiku wa manane mnatolewa nje na tochi kichwani kuzifuata mita 1,175 zilizobaki hadi kilele cha Uhuru, 5,895, ambako mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya huku pwani.

Mwili unaliweza hilo ila unataka muda. Ukiwa juu unahema sana, kabonidayoksaidi inatoka kwa wingi, damu inaegemea upande wa alkali, figo zinabidi zitoe bikabonati kwenye mkojo ili mambo yakae sawa uweze kuendelea kuhema hivyo hata ukiwa umelala, na hiyo kazi ni ya siku kadhaa. Haiharakishwi na jimu. Mazoezi yanasaidia miguu tu, tena sisi wenye pumzi ndo tunaumia zaidi maana tunakimbia wakati wagumu, yaani wapagazi, wanatupigia kelele pole pole.

Nilianza kuumwa kichwa Horombo. Panadol. Kiongozi wetu, mzee mmoja wa Kichaga mpole, kila jioni anapita kwa kila mtu, "vipi kichwa kijana wangu, umekula?" nami najibu fresh kabisa mzee. Nilikuwa na bango la ofisi kwenye begi, bosi ameshapost kwenye grupu kwamba tunawakilisha, ningesemaje? Kibo supu ikanuka tu nikaiacha. Usiku tukaondoka, mimi nafuata visigino vya mtu wa mbele, na karibu na pango la Hans Meyer, kama 5,150 hivi, nikatapika chai yote. Mzee akaja akanimulika usoni akasema, kijana wangu hebu tembea hapa, kisigino kigusane na kidole, hatua kumi tu. Nikacheka. Hatua ya kwanza safi, ya pili nikajikuta nimekaa kwenye changarawe naangalia buti za watu zikipita. Nikamwambia mzee hapa pameinama. Akanijibu, "Ni mlima baba, lazima uiname. Tunashuka."

Nilimbishia sana, naona aibu hadi leo. Ila kupepesuka vile ni dalili kwamba ubongo unaanza kuvimba, na kuna wengine wanajaa maji kwenye mapafu, na vyote viwili dawa ya kwanza ni KUSHUKA. Kutoka Kibo nikateremshwa kwa ile machela ya tairi moja, wagumu mbele na nyuma, kila jiwe nalihisi kwenye meno. Tulivyokaribia Horombo kichwa kikaachia na njaa ikarudi kama vile hakuna kilichotokea. Grupu la kazini wana stika yangu nikiwa kwenye hiyo machela, nimefungwa mikanda na miwani ya jua, ukiniuliza nitasema nilikuwa nakagua barabara.

Na yule wa kapelo nilivyompigia anajibu nini? "Hukufanya mazoezi ya kutosha." Looh! Mtu ameniuzia usiku wa kurudi kama usiku wa kuzoea halafu shida iwe magoti yangu.

Kinachoniuma ni kwamba kwetu sisi raia siku ya sita wala sio ghali kivile, ada za hifadhi tunalipa kwa shilingi na ziko chini mno ukilinganisha na za mgeni, kinachoongezeka ni banda, chakula na posho ya siku moja ya wagumu. Siku yenyewe mnaamkia Horombo, mnapandishwa hadi Zebra Rocks, yale mawe yenye mistari, mnasogea kidogo upande wa Mawenzi, mnarudi kula na kulala palepale. Ni kweli inaonekana kama siku ya bure, ila hiyo ndo mashine yenyewe.

Najua kuna atakayekuja na Diamox, vile vidonge vya mwinuko. Kaongee na daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa zinakudhuru, ila hata ukipewa inakusaidia kuzoea tu, haifuti ratiba mbovu. Na wale Wakenya watakaosema njoo Lenana, kile kilele cha Mlima Kenya, ni 4,985 tu, ndugu zangu mnatoka Nairobi Ijumaa, mnalala kambi ya Old Moses 3,300, kesho yake Shipton's 4,200, mnajidanganya vilevile tu. Mwenye hela ya mahema apande Kilimanjaro kwa njia ya Machame au Lemosho, kule mchana mnapitishwa Lava Tower kwenye 4,600 halafu mnashuka kulala Barranco chini ya 4,000, mwili unapenda hivyo.

Viatu: vyovyote ulivyokwisha kuvivaa sana, hata vya mtumba pale soko la Memorial Moshi, visiwe vipya. Maji ya kupandia Kibo yanabebwa kutoka chini, usiyachezee. Hayo mengine watakujibu wengine.

Tarehe 9 naielewa, Luteni Alexander Nyirenda alipeleka mwenge na bendera kule juu 1961 na kila mtu anataka picha siku hiyo. Inawezekana bila kujiua. Ingieni geti la Marangu tarehe 5, sio 6. Mandara tarehe 5, Horombo 6 na 7, Kibo 8, alfajiri ya 9 mko juu, usiku Horombo tena, tarehe 10 mnatoka. Mpigie leo umsomee hizo tarehe, akianza tena za "we bado kijana" mkatie simu uje hapa tukutafutie mwingine.