Shule zikishindana, mtoto anafaidika?

SWALI: Mhariri, tunaambiwa mzazi akiwa huru kuchagua, shule zitashindana na watoto wote watafaulu zaidi. Ni kweli?
Mzazi wa watoto watatu

JIBU: Ndugu mzazi, inategemea zinashindania nini. Shule hupandisha wastani wake kwa kufundisha vizuri zaidi, au kwa kupokea watoto ambao tayari wanajua. Njia ya pili ni nyepesi, na pasipo sheria ya kuizuia ndiyo inayoshinda.

Chile ilianza mwaka 1981: serikali ikalipia kila mtoto, na fedha zikamfuata hata akienda shule binafsi. Zaidi ya shule binafsi 1,000 zilifunguliwa. Watafiti Hsieh na Urquiola walilinganisha maeneo yaliyopata shule nyingi mpya na yaliyopata chache, wasione ushahidi kwamba wastani wa ufaulu ulipanda. Walichokiona ni wanafunzi wenye uwezo kuhama shule za umma. Sheria ya 2015 iliondoa hatua kwa hatua usaili wa kuchuja watoto katika shule zenye ruzuku.

Jimbo la Punjab, Pakistan, linaonyesha upande wa pili. Katika utafiti wa vijiji 112, familia za nusu ya vijiji hivyo zilipewa kadi yenye alama za mtoto wao pamoja na za kila shule kijijini. Alama zilipanda, na ada za shule binafsi zikashuka kwa asilimia 17. Shule zilikuwa zile zile na zilikuwa zikishindana tangu zamani. Kipya ni kwamba mzazi sasa alijua analipia nini.

SWALI: Nina matokeo ya shule mbili mkononi. Nitajuaje ipi inafundisha?

JIBU: Omba alama walizoingia nazo wanafunzi wale wale, kwa mtihani wa kipimo kimoja. Tuseme shule ya kwanza inapokea wenye wastani wa 72 na kuwatoa na 76; ya pili inapokea wenye 38 na kuwatoa na 57. Ya kwanza ndiyo yenye jina, lakini ya pili imeongeza alama 19. (Aliye juu ana nafasi ndogo ya kupanda, kwa hiyo linganisha hasa shule zinazopokea watoto wa kiwango kimoja.)

Kisha hesabu vichwa. Tuseme walioanza ni 120, waliofanya mtihani 84, waliofaulu 80. Tangazo getini litasema asilimia 95. Kwa walioanza, ni asilimia 67. Uliza wale 36 walikwenda wapi: walihama, walikaririshwa darasa, au waliambiwa watafute shule nyingine kabla ya mtihani? Na darasa likiwa na watoto 20, wawili tu wakiugua ufaulu huyumba kwa asilimia 10. Dai matokeo ya miaka mitatu.

SWALI: Mwanangu akipata vocha, yaani fedha za serikali za kulipia ada ya shule binafsi, atapanda?

JIBU: Si lazima. Louisiana, Marekani, vocha ziligawiwa kwa bahati nasibu, na baada ya mwaka mmoja waliozipata walikuwa nyuma kwa hisabati kuliko waliozikosa. Shule nyingi zilizojiunga na mpango huo zilikuwa tayari zinapoteza wanafunzi. Shule yenye madawati matupu, waulize wazazi waliowaondoa watoto wao kabla hujasaini fomu.