Tuko madereva saba, tunataka apu yetu ya kuita teksi

SWALI: Habari za kazi kaka. Sisi ni madereva teksi saba, kijiwe chetu kiko jirani na stendi kuu ya Nanenane hapa Dodoma. Tangu treni ya SGR ianze kufika huku 2024 abiria wengi wanatoka wameshaita usafiri kwenye simu, sisi tunabaki tunaita "teksi teksi" mpaka sauti inakauka. Tumechanga, kuna kijana anasema atatutengenezea apu kama ya Uber kwa milioni nane. Tumpe? Na iwepo ya iPhone pia? Dereva wa Nzuguni.

JIBU: Kaka pole na jua la hapo, na hongereni kwa kuchanga, mana saba kukubaliana kwenye hela sio kazi ndogo. Ila hiyo milioni nane msiitoe kwanza. Sisemi kijana ni tapeli, nasema mnachokihitaji nyie sio hicho anachotaka kuwauzia.

Ngoja nikwambie kilichonikuta. Kuna kijiwe cha bajaji niliwaandikia mfumo wa oda, nikafanya kama apu kubwa zinavyofanya, oda inaenda kwa aliye karibu zaidi na mteja. Siku ya pili tu ugomvi. Jamaa mmoja kagundua akipaki mita chache mbele ya wenzake anapata yeye tu, wengine nao wakamfuata wakajazana getini, kijiweni likabaki benchi tupu, na mzee mmoja aliyekuwepo tangu saa kumi na moja alfajiri ikafika mchana hajabeba hata kichwa kimoja. Kosa lilikuwa langu, sikuwauliza utaratibu wao. Nyie hapo mna zamu, si ndio? Aliyefika kwanza anapakia kwanza. Apu kubwa zinatafuta wa karibu kwa sababu madereva wao hawajuani, nyie mnajuana, mnazikana, kwahiyo zamu yenu ndio iwe kitu cha kwanza kuingia kwenye programu kabla ya ramani na rangi na mbwembwe zingine.

Mwambie kijana hivi: oda ikiingia simu ya mwenye zamu inalia, ana sekunde 30 za kukubali, zikiisha inaenda kwa anayefuata na yeye anarudi nyuma ya foleni. Akishakubali mmoja, seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, ifunge oda palepale, wengine waone "imechukuliwa", la sivyo mteja mmoja atafuatwa na gari tatu na mafuta ya nani? Halafu kaeni chini nyie wenyewe muamue yale ambayo kijana hawezi kuyajua, mfano aliyepata safari fupi ya mtaa wa Kisasa akirudi baada ya dakika kumi anarudia nafasi yake au anaanza upya?

Abiria msimtengenezee apu kwa sasa. Mtu anayeshuka kwenye treni mara moja kwa miezi miwili na simu yake ina chaji asilimia nne hapakui kitu, na mama wa Chang'ombe ana kitochi. Mpeni namba moja ya kupiga na ya WhatsApp, mmoja wenu au kijana wa ofisi apokee na kuingiza oda. Kwenye fomu ya oda wekeni sehemu kubwa ya maelezo, mana ingawa nyumba ziliwekewa namba kwenye operesheni ya anwani za makazi 2022, watu bado wanaelekeza "ukipita msikiti, geti la bluu, mbele ya duka la mangi". Dereva anafika kwa hayo maneno, ile pini ya ramani mara nyingi inakuweka mtaa wa pili.

Bando pia. Simu itume lokesheni kila sekunde kumi ukiwa na abiria tu, ukiwa kijiweni inatosha ijue upo. Na simu iliyobandikwa kwenye dashibodi kwa jua la Dodoma inachemka mpaka inajizima, ishusheni karibu na feni ya AC.

Kabla hamjatangaza, nendeni LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu. Huduma ya kuita usafiri kwa mtandao inasimamiwa na wao, na 2022 Uber wenyewe walisimamisha huduma nchini baada ya nauli na kamisheni kupangwa. Mkitunza namba za wateja kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria yake imeanza kazi Mei 2023, mjisajili.

iPhone acheni, Apple wanataka dola 99 kila mwaka ili apu ikae kwenye duka lao. Play Store, duka la apu za Android, ni dola 25 mara moja, ila akaunti mpya ya mtu binafsi inadai watu 12 wa kuijaribu apu kwa siku 14 mfululizo, nyie saba mtatafuta watano. Akaunti ifunguliwe kwa imeili ya kikundi, isiwe ya kijana, kuna watu wamebaki wanamtafuta fundi na simu haipatikani huku apu yao ipo mikononi mwake.

Mlipeni kwa awamu, ya kwanza akimaliza foleni tu. Mkiwahi, ijaribuni kabla ya Aprili, mana Bunge la bajeti likianza mpaka Juni mwishoni mji unajaa, na oda za usiku kutoka hotelini ndio zitawaonyesha kama ile sekunde 30 inatosha au dereva alikuwa kasinzia.