Saa ya mazoezi kwa mtoto wa miaka 8 na dada yake wa 14

Kwa kuwa unawanunulia wawili, mzazi mwenzangu, usichukue saa za aina moja.

Wa miaka 8 anahitaji kuhesabiwa hatua na dakika za kucheza tu. Lengo ni dakika 60 kwa siku, kama WHO inavyoshauri kwa umri wa miaka 5 hadi 17. Zenye betri ya mviringo kama sarafu hazina usumbufu wa chaja, ila kifuniko lazima kifungwe kwa skrubu. Betri hiyo ikimezwa inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2.

Wa 14 atataka mapigo ya moyo. Avae upana wa kidole kimoja juu ya kifundo cha mkono, saa isiteleze. Mkanda ukilegea, mwanga wa nje huingia kwenye kihisi kinachosoma mapigo na namba huruka ovyo. Kalori zifiche kabisa. Umri huo, namba hizo zinaweza kumfanya mtu ajinyime chakula.

Wakiogelea, tafuta saa yenye alama ya 5 ATM, yaani inayohimili shinikizo la maji. IP68, alama ya kuzuia vumbi na maji, peke yake haitoshi. Na kabla hujalipa, soma masharti ya programu ya simu inayotumika na saa: nyingi haziruhusu aliye chini ya miaka 13 kufungua akaunti bila mzazi.